Spika Inayopiga Hesabu Kabla ya Kuvuma

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi wa sauti na wapenzi wa muziki hapa Kampala. Naiweka yote kwa ajili ya wale ambao mvua ya jioni ile iliwazuia kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumzie jinsi uchakataji wa mawimbi kidijitali unavyoboresha spika za hali ya juu za nyumbani. Maneno hayo ni marefu, lakini maana yake inashikika: ndani ya kisanduku cha spika kuna kompyuta ndogo, na kazi ya kompyuta hiyo ni kuubadilisha muziki kwa makusudi kabla haujafika kwenye amplifaya. Kwa makusudi! Miaka ishirini iliyopita mtu angeniambia hivyo ningemwonyesha mlango wa karakana. Nililelewa katika ufundi unaoamini kwamba spika njema ni ile isiyougusa muziki. Leo nimekuja kukiri mbele yenu kwamba spika zote huugusa muziki, za bei ndogo na za bei ya kiwanja, na kwamba spika yenye hesabu ndani yake ndiyo inayojua imeugusa wapi na kwa kiasi gani.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric kule Marekani walieleza spika ya koili inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma koni. Nauliza, ni nini kilichobadilika tangu hapo? Sumaku zimekuwa na nguvu zaidi, gundi zimekuwa bora, koni zimetengenezwa kwa vitu vipya. Lakini ukifungua spika yoyote iliyo sebuleni kwako, ya bei yoyote, utamkuta Rice na utamkuta Kellogg. Koili ile ile, sumaku ile ile, koni ile ile. Udhaifu nao ni ule ule.

Udhaifu wa kwanza ni kwamba koni moja haiwezi kuimba kila kitu. Sikio la binadamu husikia tangu hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi hezi 20,000 hivi, na koni inayoweza kusukuma hewa ya kutosha kwa gitaa la besi ni nzito mno kutetemeka mara elfu kumi kwa sekunde. Kwa hiyo tunaweka wufa kwa sauti nzito na twita kwa sauti nyembamba, kisha tunaweka krosova ya kuwagawia kazi. Katika spika ya kawaida, krosova hiyo ni koili za shaba, kapasita na rezista zinazokaa kati ya amplifaya na spika.

Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi, fundi aliyenifundisha alinikalisha siku nzima nikizungusha waya wa shaba kwenye kipande cha mti, nikihesabu mizunguko kwa sauti, na kila nilipopoteza hesabu alinirudisha kwenye moja. Jioni tulizipima koili zangu mbili, moja ya spika ya kushoto na nyingine ya kulia. Hazikulingana. Akacheka, akasema, "Hakuna mteja atakayejua." Huenda alisema kweli, ila mimi nilijua, nami nilibeba aibu ile mpaka nyumbani: spika mbili za mtu mmoja zilikuwa zinapokezana kazi mahali tofauti.

Na hata koili zingelingana, je, spika yenyewe hutulia? Haitulii. Ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme, hupanda na kushuka kulingana na masafa ya sauti, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, na shaba ikipata moto ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Koili ikipanda digrii 100, jambo ambalo si la ajabu katika sherehe ya kuamkia alfajiri, ukinzani umeongezeka kwa karibu asilimia 40, na krosova iliyopangwa kwa koili baridi sasa inamtumikia bwana mwingine.

Mwaka 1976, Siegfried Linkwitz, mhandisi wa Hewlett-Packard, alieleza namna ya kugawa kazi aliyoifikiria pamoja na mwenzake Russ Riley: wufa na twita zinakatwa kwa mteremko mkali wa desibeli 24 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila okteva, yaani kila masafa yanapoongezeka au kupungua maradufu, na mahali zinapokutana zinakwenda kwa hatua moja, zikijumlika bila nundu wala bonde. Wengi wenu mnaifahamu. Kuijenga kwa shaba na kapasita baada ya amplifaya ni kazi ngumu, ghali, na yenye kupoteza umeme. Ndani ya chipu, ile kompyuta ndogo niliyoitaja, krosova hiyo hiyo ni orodha fupi ya namba. Namba hazipati joto. Namba hazizeeki. Namba za kushoto na za kulia zinalingana hadi tarakimu ya mwisho, na fundi aliyenifundisha asingekuwa na la kucheka. Muziki unagawanywa kwanza katika hesabu, kisha kila wufa na kila twita inapewa amplifaya yake, ikishikwa moja kwa moja bila koili ya katikati. Kampuni ya Meridian ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuuza spika za nyumbani za namna hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kuna zawadi nyingine inayokuja na namba hizo, nayo ni kusubiri. Katika visanduku vingi twita hukaa mbele kidogo ya koili ya wufa, tuseme sentimita 3. Sauti hutembea takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita hizo 3 ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mtaniambia hiyo si kitu. Lakini kwenye hezi 3,000, ambako twita nyingi hupokea kazi, wimbi zima lina urefu wa sentimita 11 tu, na sentimita 3 ni zaidi ya robo ya wimbi. Wawili hao wanaimba neno moja huku mmoja amekwisha kuvuta pumzi ya lifuatalo. Zamani tulilazimika kuulaza ubao wa mbele wa spika, au kuirudisha twita nyuma kwa ngazi. Sasa chipu inayofanya kazi kwa sampuli 96,000 kwa sekunde, yaani inayolipima wimbi mara 96,000 kila sekunde, inaishikilia sauti ya twita kwa sampuli nane au tisa, kisha inaiachia.

Hapo ndipo mzee mmoja, mpenzi mkubwa wa sahani za santuri, hunikatiza kila ninapozungumza mambo haya. Yumo humu ndani leo, namwona anatabasamu. Husema, "Mwanangu, umeikatakata sauti vipande vipande, nawe unaniambia ni nzima?" Mzee wangu, swali lako ni la haki, na lilijibiwa kabla sijazaliwa. Mwanahisabati Claude Shannon alionyesha katika andiko la mwaka 1949 kwamba wimbi ambalo masafa yake yana kikomo linaweza kurudishwa lote, si kwa kukisia, ikiwa sampuli zake zimechukuliwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo. Ndiyo maana CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde kwa ajili ya masikio yanayoishia hezi 20,000. Zile ngazi ngazi mnazochorewa kwenye matangazo hazifiki kwenye spika. Linalofika ni wimbi laini. Kwa hiyo tugombane juu ya wahandisi wanaotumia hesabu vibaya, nao wapo, lakini tusigombane na hesabu yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linalonileta hapa hasa. Nalo ni chumba.

Nani kati yenu amefika Busoga akaiona embaire ikipigwa? Ni marimba makubwa ya mbao, na watu kadhaa hukaa pande mbili wakiyapiga kwa pamoja. Lakini chini ya mbao zile kuna nini? Kuna shimo. Shimo limechimbwa ardhini, na hewa iliyomo humo ndiyo inayoipa sauti ule uzito unaousikia kifuani. Wasoga hawakungoja mtu awaambie kwamba nafasi iliyozungukwa na kuta ni sehemu ya ala. Sisi wa Kampala tunanunua spika za mamilioni ya shilingi, tunaziweka ndani ya shimo la saruji linaloitwa sebule, kisha tunashangaa kwa nini hazilii kama zilivyolia dukani.

Mwalimu mmoja mstaafu alinipigia simu. Alikuwa amenunua spika nzuri kweli, na gitaa la besi lilikuwa linamkera: noti moja ilivuma kama lori linalopanda kilima, nyingine zote zilikuwa za kawaida. Alikuwa amekwisha kubadilisha nyaya. Halafu akabadilisha amplifaya. Halafu akabadilisha nyaya tena, nyaya nene kama mkia wa ng'ombe. Nilipofika sikugusa kitu. Nilitoa utepe wa kupimia. Spika zilikuwa kwenye ukuta mmoja, kochi lilikuwa limeegemea ukuta wa pili, na baina ya kuta hizo palikuwa na mita 3.1. Nikamwomba karatasi. Wimbi hujifungia baina ya kuta mbili pale nusu ya urefu wake inapolingana na nafasi iliyopo: chukua 343, gawa kwa mara mbili ya 3.1, unapata hezi 55. Na hezi 55 ni nini? Ni noti ya La, uzi wa tatu wa gitaa la besi ukipigwa mtupu! Kila mpiga besi alipougusa uzi ule, chumba kizima kiliitikia.

Nikamwambia asimame katikati ya chumba. Akasimama. Ile noti ikafifia karibu kupotea. Akarudi kwenye kochi, ikarudi. Alifanya hivyo mara nne au tano, mtu mzima wa miaka sabini na ushei, akienda na kurudi na kucheka peke yake.

Dawa ilikuwa nini? Kochi lisingeweza kusogezwa, maana chumba kilikuwa kidogo. Niliweka kifaa chenye chipu kati ya redio na amplifaya, nikaweka maikrofoni ya kupimia mahali anapokaa, nikaandika kichujio kimoja chembamba kinachopunguza desibeli 9 kwenye hezi 55. Kimoja tu. Lililonishangaza ni kwamba noti ile haikupungua ukubwa tu, bali pia iliacha kuburuza mkia, kwa sababu mvumo wa chumba katika sauti nzito ni wa namna ambayo ukikisawazisha kilele chake sawasawa, unafupisha na mvumo wake mahali pale ulipopimia. Spika zilikuwa zile zile. Nyaya nene alinipa, nami nimefungia mbuzi.

Bang & Olufsen wa Denmark waliuza wazo hilo likiwa limekamilika mwaka 2003 katika spika yao ya BeoLab 5: unagusa kitufe, maikrofoni inachomoza chini ya spika, inapima, kisha spika inajirekebisha besi kulingana na mahali ilipowekwa. Siku hizi zipo programu nyingi za kazi hiyo, zikiwemo za Dirac ya Sweden na za Genelec ya Finland, na unapima mwenyewe kwa maikrofoni ndogo.

Lakini ndugu zangu, nisikilizeni hapa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nilipoungua. Kilele cha sauti kinapunguzwa, shimo la sauti halijazwi. Narudia: shimo halijazwi. Mteja mwingine alikuwa anakaa katikati kabisa ya chumba, pale pale ambapo yule mwalimu alisikia noti ikifa. Mimi, kwa kiburi cha mafanikio yangu ya kwanza, nikaongeza desibeli 10 ili kuijaza noti iliyokosekana. Desibeli 10 ni nguvu mara kumi: palipohitajika wati 20, sasa amplifaya ilitoa 200. Na kadiri nilivyosukuma, ndivyo wimbi lililorudi kutoka ukutani lilivyokuwa na nguvu ya kulifuta lile linalokuja. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili: ukiwaongezea wote nguvu, mlango haufunguki, ila bawaba zinalia. Siku ya tatu koili ya wufa iliungua, na harufu yake mafundi mnaijua. Nililipa kwa fedha zangu.

Kwa hiyo spika zilizotengenezwa na watu makini hutumia hesabu kwa kujizuia pia. Ukitaka sauti ishuke okteva moja, kwa mfano kutoka hezi 80 hadi 40, kwa ukubwa ule ule, koni lazima isafiri mara nne zaidi. Ukishuka hadi hezi 20, mara kumi na sita. Hakuna programu inayoiondoa sheria hiyo. Kinachofanywa na chipu ni kuijua koni yake: inakadiria imesafiri umbali gani, koili imefika joto gani, na sauti ikipandishwa mno inaipunguza besi polepole kabla koni haijagonga. Sauti ikiwa ndogo inairudisha besi, na hilo linapatana na masikio yetu, maana watafiti Fletcher na Munson walikwisha kuonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishushwa sikio hupoteza besi kwanza. Ndiyo maana leo spika ndogo ya kukaa juu ya rafu hutoa besi ambayo zamani ilihitaji kisanduku cha ukubwa wa jokofu. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi nasema ni matumizi mazuri ya nafasi iliyokuwapo.

Na sauti nyembamba je, zile zinazodunda kwenye vigae vya sakafu na madirisha ya vioo? Hapo nawaombeni msiitegemee ekwalaiza, yaani vichujio vya kupandisha na kushusha sauti. Kipimo cha kiti kimoja si kipimo cha kiti cha jirani yake, na ukilazimisha mstari wa kipimo unyooke mahali pamoja unaiharibu sauti kwingine. Utafiti wa Floyd Toole, ulioanzia katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, ulionyesha kwamba wasikilizaji wasioiona spika huipendelea ile ambayo sauti yake ya mbele haina nundu wala bonde na ambayo sauti yake ya pembeni inafanana na ile ya mbele. Kwa hiyo kazi ya hesabu hapa ni kuamua sauti iende upande gani. Spika ya Kii Three ina wufa za pembeni na za nyuma zinazopewa muziki uliocheleweshwa na kugeuzwa, ili sauti ya nyuma ijifute yenyewe isigonge ukuta. BeoLab 90 ya mwaka 2015 ina wufa, spika za kati na twita 18 kwa jumla, kila moja na amplifaya yake, na msikilizaji anachagua kama sauti iwe finyu kwa mtu mmoja anayesikiliza au pana kwa wageni wa sikukuu. Bei yake siitaji, kuna watu wa moyo humu. Kwa wasio na uwezo huo, zulia zito na pazia nene vitasaidia, ila mkeka mwembamba hunyonya sauti za juu kabisa tu, na besi inaupita kana kwamba haupo. Na mvua ikianza juu ya mabati, zima muziki, chemsha chai. Kichujio cha mvua ya Kampala hakijaandikwa.

Nisiwafiche gharama. Hesabu inataka muda, na vichujio virefu vinavyosahihisha besi huichelewesha sauti, hata ukitazama mpira unaona mguu umepiga na mlio haujafika; spika nzuri zina mpangilio wa haraka kwa ajili ya televisheni, tafadhalini uwasheni. Jambo la pili linaniuma zaidi. Spika ya zamani ikiharibika nabandika koni mpya, nazungusha koili, inarudi nyumbani. Niliwahi kuletewa spika ya kisasa iliyopigwa na umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Koni zake zilikuwa nzima, sumaku zilikuwa nzima, lakini bodi ya chipu ilikufa, na programu iliyokuwa ndani yake haikupatikana popote. Watengenezaji walinijibu kwamba muundo ule hautengenezwi tena. Iko juu ya kabati langu hadi leo, nzima kila mahali isipokuwa kichwani. Kwa hiyo ukinunua, nunua na kifaa cha kudhibiti umeme siku hiyo hiyo, na umuulize muuzaji bodi itapatikana kwa miaka mingapi. Akisitasita, mimi ningenunua spika za kawaida na kuweka chipu katika kisanduku chake cha nje, kama nilivyomfanyia mwalimu. Kikifa, unabadilisha kisanduku, spika zinabaki.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Hizi spika mbili mnazoziona mezani ni wufa za kawaida nilizozifunga mwenyewe katika visanduku vidogo vya mvule, na kuta za ukumbi huu nimezipima asubuhi. Mtasikia adungu niliyoirekodi Nebbi, ile kubwa yenye nyuzi nzito. Kwanza bila hesabu yoyote. Kisha, bila kuwaambia ni lini, kijana wangu atabonyeza swichi, nawe Mzee wa santuri utainua mkono utakapoisikia. Kijana, anza.